Ukiona Vyaelea: Hoteli Iliyolala Mto Saigon

Methali isemayo "ukiona vyaelea, vimeundwa" tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Mwalimu huitaja darasani, mzee huitaja barazani, nasi hutikisa vichwa: kizuri hakiji bila ya kazi. Leo naomba tuyaweke kando mafunzo yake, tukitazame kitenzi chake cha mwisho. Methali haikusema vimejengwa. Ilisema vimeundwa, na kile kiambishi vi- kinatosha kutuambia, bila ya kutaja jina, kwamba vinavyosemwa ni vyombo vya bahari.

Katika Kiswahili cha pwani tofauti hii si ya mapambo. Nyumba hujengwa, jahazi, mashua na dau huundwa. Fundi wa Matondoni au wa Nungwi asikusikie ukimwambia kuwa anajenga jahazi, maana atajua papo hapo kuwa hukukulia ufukweni. Nyumba ina msingi, chombo kina mkuku. Nyumba hutafutiwa kiwanja, chombo hutafutiwa gati. Nyumba ikikamilika watu huingia, bali chombo kikikamilika hushuliwa majini kwa nguvu za kijiji kizima. Na nyumba huhamwa, hali chombo huhama. Siku hizi kitenzi hiki kimepanda cheo, kwani tunaunda kamati, tunaunda tume, tunaunda serikali za mseto. Sina ugomvi na matumizi hayo. Nyingi katika hizo huelea kwa muda mfupi tu, kwa hiyo huenda waliochagua neno walikuwa na busara kuliko tunavyowadhania.

Sasa kuna kitu kilichonikalia moyoni muda mrefu kwa sababu hakikubali kuingia upande wowote wa mgawanyo huu. Ni hoteli ya ghorofa 7, yenye vyumba karibu 200, iliyokaa katika Mto Saigon, katikati ya jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam, tangu mwaka 1989 hadi miaka ya mwisho ya 1990. Watu walilala humo kama wanavyolala katika nyumba yoyote ya wageni, juu ya vitanda vilivyotandikwa, vyumba vikiwa na namba mlangoni. Lakini chini ya zulia kulikuwa na chuma, na chini ya chuma kulikuwa na maji ya mto. Je, hoteli ile ilijengwa au iliundwa? Swali laonekana la mchezo. Nimegundua kwamba kila nikilijibu kwa namna moja, historia yake hunijibu kwa namna nyingine.

Haikuanzia mtoni. Iliwazwa kwanza Australia, na Doug Tarca, mzaliwa wa Italia aliyekuwa mkazi wa Townsville, jimbo la Queensland, na aliyeijua vyema Great Barrier Reef, safu kubwa ya matumbawe iliyo mbele ya pwani ile. Mwanzoni Tarca alitaka kutia nanga meli tatu za abiria juu ya matumbawe, zikae hapo daima, wageni walale humo na kuamka katikati ya bahari. Kisha kampuni moja ya Sweden, Consafe, iliyokuwa na ujuzi wa makazi yaeleayo ya wafanyakazi wa visima vya mafuta baharini, ikaleta fikra nyingine: kwa nini kulazimisha meli iwe hoteli, na hali inawezekana kuanza na hoteli yenyewe? Kazi ikapewa karakana ya Bethlehem huko Singapore. Gharama yake hutajwa kuwa dola za Kimarekani milioni 45 hivi. Ilipokwisha, haikuwa na mashine ya kujiendesha wala haikuwa na omo na tezi kwa maana tuijuayo. Ilikuwa tishari kubwa lenye jumba juu yake, urefu wake mita 89, kimo chake mita 27, na ilipakiwa juu ya meli maalumu ya kubeba mizigo mizito ikapelekwa Australia kama sanduku.

Tuzingatie neno karakana. Jumba lile halikutoka kiwanjani. Lilitoka mikononi mwa waunda meli, likashuliwa, likafungwa kwa nanga 7 kubwa kwenye mwamba uitwao John Brewer Reef, kilomita 70 hivi kutoka Townsville. Lilikuwa na mabaa, klabu ya usiku, uwanja wa helikopta, hata uwanja wa tenisi uliokuwa nao ukielea. Wiki moja kabla ya ufunguzi kimbunga kikapiga na kuharibu bwawa la kuogelea. Milango ikafunguliwa tarehe 9 Machi 1988.

Hapa Kiswahili kina la kusema ambalo sidhani kama lugha nyingi zinaweza kulisema kwa neno moja. Umbo hili la kitenzi, elea, lina maana tatu kwetu. Chombo huelea juu ya maji. Jambo hunielea, yaani hunibainikia, na ndiko tulikopata kuelewa na kueleza. Na moyo nao huelea, yaani mtu hushikwa na kichefuchefu. Aliyewahi kuvuka usiku kwenda Pemba wakati wa kusi kali hahitaji kamusi kwa maana hii ya tatu. Hoteli ya Townsville iliziishi zote tatu ndani ya mwaka mmoja. Ilielea vizuri, kwa kuwa iliundwa vizuri. Lakini bahari ilipochafuka boti na helikopta zilishindwa kwenda wala kurudi, wageni wakakwama huku na huku. Wafanyakazi, waliopewa vyumba vya ghorofa ya juu kabisa ambako mwyumbo ulizidi, walining'iniza chupa tupu ya wiski darini ili waone mawimbi yana nguvu kiasi gani: chupa ikianza kucheza kupita kiasi, walijua kwamba siku hiyo mioyo mingi itaelea. Moja ya boti za kubebea wageni iliwaka moto. Kisha, kilomita chache tu kutoka pale, yakagunduliwa malimbikizo ya risasi na mabomu yaliyotupwa baharini enzi za Vita Vikuu vya Pili. Baada ya mwaka mmoja hivi, maana ya pili ikawafikia wenye mali: iliwaelea kwamba biashara haipo.

Nyumba isiyopata wageni hufungwa, ikaota magugu mlangoni. Hii ilikuwa na njia nyingine. Iliuzwa, ikasafirishwa maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini, ikapandishwa Mto Saigon hadi jijini, mwendo wa kilomita zipatazo 80 kutoka baharini. Mgeni huja na mkoba wake. Huyu alikuja na vitanda, majiko, mabafu na mitambo yake ya umeme.

Kwa nini jiji lile lilihitaji mgeni wa aina hiyo? Vita vilikwisha tarehe 30 Aprili 1975, na mwaka uliofuata Saigon ikapewa rasmi jina la Ho Chi Minh. Ilipita miaka zaidi ya 10 ya uhaba, nchi ikiwa imewekewa vikwazo na Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1986 chama tawala kikatangaza sera ya Đổi Mới, yaani kufanya upya, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Wafanyabiashara wa kigeni wakaja kuchungulia. Wakakuta hoteli za zamani: Continental iliyoanza mwaka 1880, Majestic ya mwaka 1925 iliyouelekea mto, Caravelle ya mwaka 1959, ambamo waandishi wa habari wa vita walikuwa wakikaa. Zilikuwa na majina makubwa na mabomba machovu. Kujenga hoteli mpya kulitaka miaka, saruji, mikataba na imani. Iliyoundwa tayari ilitaka gati tu.

Ikafungwa kwenye ukingo wa mto, mahali paitwapo Bến Bạch Đằng, karibu na uwanja wa Mê Linh. Ikaitwa Saigon Floating Hotel, na wageni wa Kizungu wakaizoea kwa jina la mkato la utani, The Floater. Ilikuwa na klabu ya usiku iliyoitwa Downunder, jina la mzaha wanaloitumia Waingereza kwa nchi ya Australia, nalo likabaki kama kovu la safari.

Tumfikirie aliyelala humo usiku mmoja wa mwaka 1990. Magharibi huingia upesi kule kama kwetu, kwani jiji lipo nyuzi 11 tu kaskazini ya ikweta. Dirisha la upande mmoja lilitazama mji: barabara ya mtoni, baiskeli, miti, taa chache. Dirisha la upande wa pili lilitazama ng'ambo, Thủ Thiêm, ambako wakati ule kulikuwa na vinamasi, mashamba na nyumba za watu wa hali ya chini, giza likiwa limetanda. Katikati ilipita pantoni, ikisheheni watu na baiskeli zao na pikipiki zao, ikienda na kurudi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyesubiri pantoni ya Kigamboni miaka ya nyuma anaweza kuimaliza picha hii mwenyewe. Pantoni ile ya Thủ Thiêm nayo iliondolewa baada ya njia ya chini ya mto kufunguliwa mwaka 2011.

Ambalo mgeni wa bara hakulitarajia ni kwamba mto ule hupwa na kujaa. Umbali wote ule kutoka pwani, bahari bado inausukuma na kuuvuta. Wakati wa bamvua maji hupanda hadi kwenye barabara za jiji. Kitu chochote kilichofungwa gatini hapo hupanda na kushuka pamoja na maji, mchana na usiku, na aliyelala ndani hupandishwa na kushushwa naye hana habari. Magugumaji, mmea uleule unaowahangaisha wavuvi wetu wa Ziwa Victoria, hushuka mtoni kwa makundi ya kijani maji yanapokupwa, kisha yakijaa makundi hayohayo hurudi juu. Nyumba za mjini zilibaki kimo kilekile. Hii moja ilipumua.

Na juu ya gati hilo pana sanamu ambayo naiona kuwa mwenyeji halisi wa hoteli ile. Ni sanamu ya Trần Hưng Đạo, iliyosimamishwa mwaka 1967, mkono ukiwa umenyooshwa kuonyesha mto. Mwaka 1288 jemadari huyo aliwashinda Wamongolia katika mto Bạch Đằng, ulioko kaskazini ya mbali ya nchi, na ndio uliolipa gati la Saigon jina lake. Silaha yake kubwa ilikuwa kupwa na kujaa. Alikita miti yenye ncha za chuma chini ya maji, akangoja maji yajae yaifunike, akatuma vyombo vyepesi vikachokoze na kukimbia. Merikebu nzito za adui zikafuata. Maji yakaanza kupwa, na merikebu zikanasa juu ya miti, haziwezi kwenda wala kurudi. Sijui lugha inayoweza kukisimulia kisa hiki kwa maneno machache kuliko yetu: maji yalikupwa, vyombo vikapwelewa. Maneno mawili ya ukoo mmoja, na vita vimekwisha.

Basi hoteli ikalala miguuni pa mtu aliyejua kuliko wote kwamba kielealo hutegemea maji ya mwingine.

Nimejaribu kuipa jina la Kiswahili. "Hoteli inayoelea" ni tafsiri sahihi na haina ladha. Isitoshe, neno hoteli lenyewe lina utata kwetu, kwani katika miji mingi ukiuliza iliko hoteli utaonyeshwa penye chai na chapati, na ukitaka kitanda itakubidi uulize gesti. Tunalo neno la zamani, chelezo. Wavuvi hulitumia kwa boya na kwa kila kinachoelezwa juu ya maji, na wenye meli hulitumia kwa mahali pa kupandishia chombo kinapotengenezwa. Linatokana na kueleza, kwa maana ya kufanya kitu kielee, si kwa maana ya kufafanua, ingawa mshairi mwenye sikio hatakosa kuusikia ukoo wake na kielezo. Mimi ningeiita chelezo cha wageni. Siwashurutishi wengine.

Hoteli ilihesabiwa kuwa ya kwanza yenye hadhi ya nyota tano katika jiji lile baada ya vita. Mabwana wa mafuta, wa benki na wa viwanda walilala humo, wakashuka asubuhi kwenda kutia saini mikataba. Februari 1994 Marekani ikaondoa vikwazo vyake. Na hapa ndipo kitenzi chetu kinapouma. Mikataba iliyojadiliwa na wageni wa aina ile ndiyo iliyoleta saruji, na saruji ilileta hoteli za kujengwa, ndefu, zenye msingi, zenye mabwawa yasiyotikisika. Katikati ya miaka ya 1990 ziliota kila upande wa jiji. Chelezo kikaanza kukosa wageni. Kilikuwa mgeni wa kaskazi aliyekaa hadi kusi ikavuma, na mwenyeji sasa alikuwa na vyumba vyake. Hoteli ikafungwa, ikauzwa mara nyingine, ikang'oa nanga.

Mwaka 1998 Korea Kaskazini ilikubali watalii kutoka Korea Kusini wazuru Mlima Kumgang, kusini-mashariki ya nchi, kwa mipango ya kampuni ya Hyundai. Eneo hilo halikuwa na mahali pa kutosha pa kulaza watu. Jibu likawa lile lile la Saigon. Hoteli ikafunguliwa hapo Oktoba 2000, sasa ikiwa bandarini, chini ya mlima, na jina jipya: Haegumgang. Kumgang maana yake almasi, na hae ni bahari. Almasi ya bahari, jina zuri kuliko yote matatu iliyopewa. Kwa miaka kadhaa eneo lile lilikuwa mahali pa nadra ambapo Wakorea wa pande mbili waliweza kuonana. Watalii karibu milioni 2 walipita, na familia zilizotenganishwa na vita vya 1950 hadi 1953 zilikutanishwa katika eneo hilohilo, ndugu wakijuana kwa makovu na kwa majina ya utotoni.

Tarehe 11 Julai 2008, alfajiri, mwanamke mmoja mtalii wa Korea Kusini, mwenye umri wa miaka 53, alipigwa risasi na kuuawa na askari wa Kaskazini alipokuwa akitembea ufukweni. Safari zikasimamishwa, wala hazikurudishwa. Hoteli ikabaki bandarini, vitanda vyake vimetandikwa au vimetanduliwa, haidhuru, na maji yakaendelea kuipandisha na kuishusha. Nikihesabu, miaka iliyokaa tupu hapo inazidi miaka yote iliyopata wageni Australia na Vietnam ikijumlishwa pamoja.

Oktoba 2019 Kim Jong Un alizuru eneo lile akakasirishwa na majumba aliyoyaona. Vyombo vya habari vya nchi yake vilimnukuu akilalamika kuwa hayana sura ya taifa, na kwamba yamesimamishwa kama mahema ya muda ya mahali palipokumbwa na maafa. Akaagiza yaondolewe. Ni lawama ya haki kwa jumba lililojengwa. Kwa kilichoundwa Singapore ili kikae juu ya matumbawe ya Queensland, ni lawama ya ajabu kidogo. Ni kama kuilaumu jahazi ya Suri kwa kutofanana na misikiti ya Lamu. Lakini ilikuwa imekaa pale miaka karibu 20, na labda chombo kikikaa gatini muda huo watu husahau kuwa kilishuliwa.

Janga la korona lilichelewesha utekelezaji. Machi 2022 picha za satelaiti zilionyesha kwamba kazi imeanza. Ilianzia juu kabisa, kwenye paa na ghorofa, ikashuka kidogo kidogo kuelekea kwenye tishari.